Nafasi Mbili Chini ya Kifuniko: Historia ya Kuongeza RAM, kutoka Hazina hadi Kasesya

Kuongeza RAM katika kompyuta mpakato ni kazi ya dakika chache. Kifuniko cha chini hufunguliwa, kipande cha kumbukumbu kilichomo huchomolewa au nafasi iliyoachwa wazi hujazwa, kisha mashine hufungwa tena. Kinachotakiwa ni bisibisi ndogo, mkono uliotulia na kipande cha aina inayofaa. Wepesi huo umechukua miaka mingi kupatikana, na sehemu kubwa ya historia yake imetokea nje ya kompyuta yenyewe: katika amri za serikali, kodi, barabara, nguzo za umeme, na maamuzi ya wabunifu wa Marekani na Asia. Katika uwanda wa juu wa Ufipa, kuanzia mjini Sumbawanga hadi kituo cha mpakani cha Kasesya, mambo hayo yalikutana kwa kuchelewa. Kompyuta mpakato zilienea huko wakati watengenezaji walikuwa wameshaanza kuziba mlango unaomwezesha mwenye mashine kuiongezea uwezo yeye mwenyewe.

RAM ni mahali ambapo kompyuta huweka kile inachokifanyia kazi kwa wakati huo: barua inayoandikwa, picha inayotazamwa, kurasa za intaneti zilizofunguliwa, na programu inayoendesha mashine nzima. Umeme ukikatika, vyote hufutika. Diski ndiyo inayotunza mafaili mashine ikiwa imezimwa, lakini hufanya kazi polepole mno ikilinganishwa na RAM. RAM inapojaa, kompyuta hulazimika kuazima nafasi kwenye diski, ikipeleka na kurudisha data bila kupumzika. Mtumiaji huona dalili zilezile kila mahali: kishale kinazunguka, herufi zinachelewa kutokea, mashine inaganda. Mashine za miaka ya nyuma zilikuwa na diski zinazozunguka, kwa hiyo tofauti ya kuongeza RAM ilionekana siku ileile.

Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha, Hazina, Dar es Salaam. Ilikuwa ICT 1500, mashine ambayo kampuni ya Uingereza ya ICT iliiuza kwa jina lake ingawa asili yake ilikuwa RCA 301 ya Marekani. Kumbukumbu ya mashine za ukoo huo ilitengenezwa kwa vipete vidogo vya sumaku vilivyotungwa kwenye nyaya nyembamba, kila kipete kikibeba biti moja, na ukubwa wake ulihesabiwa kwa maelfu na makumi ya maelfu ya herufi. Kuiongeza kulimaanisha kuagiza kabati zima na mhandisi wa kampuni iliyouza. Mteja hakufungua kitu. Mashine, vipuri na ujuzi wa kuihudumia vyote vilitoka kwa muuzaji mmoja.

Utegemezi huo uligharimu. Kufikia mwaka 1974 nchi ilikuwa na kompyuta saba, zikiwemo za kampuni za ICL na IBM, na jaribio la kuendesha hesabu za serikali kwa kompyuta lilikuwa limeleta hasara na vurugu katika Hazina. Mwaka huohuo serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake, pamoja na televisheni. Marufuku hiyo mara nyingi huelezwa kama woga wa teknolojia, lakini maelezo hayo hayatoshi. Nchi yenye fedha chache za kigeni ilikuwa imelipia mashine ambazo haikuwa na watu wa kuzifungua, na hilo ni tatizo la kweli. Ubaya wa dawa iliyochaguliwa ni kwamba iliua pia nafasi ya kuwapata watu hao. Mkoa wa Rukwa, ulimo uwanda wa Ufipa na ulioundwa katikati ya miaka hiyo ya 1970 kutokana na sehemu za mikoa ya Mbeya na Tabora, ulianza maisha yake kwa taipureta na karatasi za kaboni, na ofisi zake nyingi ziliendelea hivyo kwa zaidi ya miaka ishirini.

Wakati mlango umefungwa Tanzania, kumbukumbu yenyewe ilibadilika umbo. Mwaka 1966 Robert Dennard wa IBM alibuni njia ya kuhifadhi biti moja kwa transista moja na kapasita moja ndogo. Chaji ya kapasita huvuja, hivyo lazima ijazwe upya mara nyingi kila sekunde. Ndiyo sababu RAM hupoteza kila kitu umeme unapokatika. Lakini njia hiyo ilikuwa rahisi na ndogo kiasi cha kuvishinda vipete vya sumaku. Intel ilianza kuuza chipu yake ya 1103, yenye biti 1,024, mwaka 1970, na katika muda mfupi vipete vikawa vitu vya makumbusho.

Bado kuongeza kumbukumbu kulikuwa usumbufu. Katika kompyuta ndogo za mwanzo wa miaka ya 1980, chipu zilichomekwa moja moja kwenye vitundu vyake, na mguu mmoja ukipinda kazi nzima iliharibika. Mwaka 1983 kampuni ya Wang Laboratories ya Marekani ilikuja na wazo dogo lenye matokeo makubwa: chipu kadhaa zipangwe juu ya kibao kimoja chembamba, na kibao chote kichomekwe mara moja. Hapo ndipo ilipozaliwa nafasi ya RAM. Kompyuta mpakato zilichelewa kufaidi, kwa sababu kila mtengenezaji alikuwa na kadi zake za kumbukumbu, ghali na zisizoingia kwenye mashine ya mwingine. Katika miaka ya 1990 shirika la viwango la JEDEC liliweka kipimo cha kibao kifupi cha kompyuta mpakato, SO-DIMM. Kikaanza na pini 72, kisha 144, baadaye 200 kwa vizazi vya DDR na DDR2, 204 kwa DDR3, 260 kwa DDR4 na 262 kwa DDR5. Tangu hapo kibao kilichotoka kwenye Dell kiliweza kuingia kwenye HP au Lenovo. Bila makubaliano hayo ya pini na vipimo, hakuna fundi wa mkoani ambaye angeweza kuishi kwa kazi hii, kwa kuwa angelazimika kuweka akiba ya kila chapa.

Tanzania ilirudi sokoni taratibu. Biashara ya nje ilianza kulegezwa mwaka 1984, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1990 marufuku ya kompyuta ilikuwa imepoteza nguvu. Kituo cha kompyuta cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifundisha watu, intaneti ikaingia katikati ya miaka hiyo ya 1990, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali iliondoa ushuru na kodi ya kompyuta. Sera ya Taifa ya TEHAMA ilitolewa mwaka 2003. Kuondolewa kwa kodi kulifungua mkondo ambao watunga sera hawakuutilia mkazo, lakini ndio uliozifikisha mashine kwa watu wa kawaida: kompyuta za mtumba. Ofisi za Ulaya na Marekani hubadilisha mashine zao kila baada ya miaka michache, na zile za zamani hukusanywa, hupitia Dubai au huja moja kwa moja, na kuishia kwenye maduka ya Kariakoo na katikati ya jiji la Dar es Salaam. Nyingi ni Dell Latitude, HP EliteBook na ProBook, na Lenovo ThinkPad.

Mashine hizo za ofisi zilitengenezwa kwa kuzingatia mafundi wa kampuni kubwa, wanaotaka kubadilisha kipuri bila kupoteza muda. Kwa hiyo vifuniko vyake vilifunguka kwa skrubu chache na ndani mlikuwa na nafasi mbili za RAM. Katika baadhi, nafasi moja ilikuwa chini ya mashine na ya pili chini ya kibodi, jambo ambalo limewachanganya wengi wanaodhani mashine yao ina nafasi moja tu. Zilikuja na kumbukumbu iliyowatosha wamiliki wa kwanza, si wa pili. Windows XP ya mwaka 2001 iliridhika na megabaiti 128. Vista ya 2007 ilitaka gigabaiti 1 ili itembee vizuri. Windows 7 ya 2009, katika umbo lake la biti 64, ilitaka 2, na Windows 11 ya 2021 haikubali chini ya 4. Aliyenunua mtumba wa miaka mitano alikuwa nyuma kwa hatua moja tangu siku aliyolipa. Kuongeza RAM kulikuwa njia ya bei nafuu ya kuipata hatua hiyo, na ndiyo sababu huduma hiyo ikawa ya kawaida kiasi kwamba wauzaji wengi huifanya mezani kabla mteja hajaondoka.

Sumbawanga iko zaidi ya kilometa 1,100 kutoka meza hizo. Mpaka muongo wa kwanza wa karne hii barabara ya kutoka Tunduma ilikuwa ya vumbi, na masika yaliweza kuwaweka abiria njiani hadi siku ya pili. Mkataba wa mwaka 2008 kati ya Tanzania na shirika la Marekani la Changamoto za Milenia ulijumuisha lami ya kipande hicho, kilometa zipatazo 220, na kazi ilifanyika katika miaka mitano iliyofuata. Lami hiyo ilibadilisha biashara ya vipuri kuliko sera yoyote. Kibao cha RAM ni kidogo kuliko kadi ya kupigia kura; hufungwa kwenye bahasha na kupewa kondakta wa basi, malipo yakiwa yameshapita kwenye simu. M-Pesa ilianza nchini mwaka 2008, kwa hiyo barabara na njia ya malipo zilifika Ufipa karibu kwa wakati mmoja.

Umeme nao una habari yake. Kwa miaka mingi Sumbawanga haikuunganishwa na Gridi ya Taifa. Ilitegemea umeme unaonunuliwa Zambia na kuletwa kwa njia ya Mbala, ukisaidiwa na jenereta za dizeli, na upungufu wa maji katika mabwawa ya Zambia ulihisiwa Ufipa pia. Mradi wa njia ya umeme wa TAZA wa kilovolti 400, kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma, ulibuniwa pia ili kuuingiza mji huo katika gridi. Katika hali ya umeme unaokatika, kompyuta ya mezani ni mzigo: huzimika ghafla na kazi yote hupotea. Kompyuta mpakato ina betri. Hii ndiyo sababu kubwa iliyofanya ofisi na wanafunzi wa Rukwa waiendee moja kwa moja, wengi bila kupitia ile ya mezani.

Waliokuwa wa kwanza kuzihitaji ni watu wa kalamu. Vyuo vya ualimu vya serikali vilianza kupata maabara za kompyuta katika mpango ulioanza mwaka 2005 kwa msaada wa Sweden. Wanafunzi waliotoka mkoani kwenda vyuo vikuu walinunua mashine za mtumba kwa fedha za kujikimu, zile wanazoziita bumu, na kurudi nazo likizo. Kisha kazi za serikali zenyewe zikahamia kwenye kompyuta. Kuanzia mwaka 2017 vituo vya afya na shule zilianza kuingiza hesabu zao katika mfumo wa FFARS, na hospitali zikatumia GoTHOMIS. Wilaya ya Kalambo, iliyozaliwa mwaka 2012 na kufanya Matai makao yake, ilianza moja kwa moja katika zama hizo. Mpakani Kasesya, upande wa pili wa Zombe ya Zambia, forodha hutumia mfumo wa TANCIS ulioanza mwaka 2014, na wakala wa mizigo asiye na kompyuta inayofungua kurasa kadhaa kwa wakati mmoja huona foleni ikimpita. Mifumo hii yote hufanya kazi ndani ya kivinjari cha intaneti, na hakuna programu ya kawaida inayokula RAM kama kivinjari. Mashine ya gigabaiti 2 iliyotosha kwa barua na majedwali ikawa haitoshi, ingawa haikuwa na ubovu wowote.

Kutoka Kasesya hadi Sumbawanga ni kilometa zipatazo 100 kupitia Matai, na kupeleka mashine kwa fundi ni kupoteza siku nzima pamoja na nauli. Katika mazingira hayo kujifungulia mwenyewe kuna maana ya kiuchumi. Kazi yenyewe huanza kabla ya bisibisi. Ndani ya Windows, sehemu inayoonyesha mwenendo wa mashine hutaja ukubwa wa RAM iliyomo, kasi yake, na idadi ya nafasi zilizotumika. Kizazi cha kumbukumbu lazima kilingane, kwani DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR4. Mkato uliopo kati ya pini umewekwa mahali tofauti kwa kila kizazi kwa makusudi ya kuzuia kosa hilo. Kosa ambalo mkato hauzuii ni la volti. DDR3 ya kawaida hutumia volti 1.5, na DDR3L hutumia 1.35. Vibao hivyo viwili vina umbo moja, lakini kompyuta mpakato za kizazi cha nne cha Intel, zilizoanza kutoka mwaka 2013, zinahitaji kile cha volti ndogo. Tofauti juu ya lebo ni herufi moja: PC3 na PC3L. Watu wengi wamerudisha RAM nzima wakidhani ni mbovu kwa sababu ya herufi hiyo.

Baada ya hapo mashine huzimwa kabisa, waya wa chaji huondolewa, betri hutolewa au hutenganishwa, na kitufe cha kuwashia hubonyezwa kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Adui anayefuata haonekani. Kuanzia Mei hadi Oktoba Ufipa ni kukavu, kuna upepo na vumbi, na Juni na Julai watu huvaa masweta mazito. Hewa kavu na nguo za sufu huzalisha umeme tuli, na kiasi kisichohisiwa na kidole kinaweza kuua chipu. Anayefanya kazi hiyo hugusa kwanza chuma kilichoungana na ardhi, huvua sweta, na hushika kibao kwa kingo zake bila kugusa pini. Vishikizo viwili vya pembeni vikisukumwa nje, kibao cha zamani huinuka chenyewe. Kipya huingizwa kwa kuinamishwa, pini zikiwa zimezama sawasawa, kisha hubonyezwa mpaka vishikizo vilie. Vumbi jekundu la uwandani hupenya kwenye nafasi hizo, kwa hiyo kabla ya kuchomeka kibao ni vizuri kupuliza na kusafisha pini kwa raba ya penseli, kazi ambayo kila fundi wa Tanzania anaijua na ambayo mara nyingine hufufua mashine iliyokataa kuwaka bila kununua kitu.

Mashine ikilia milio ya kurudiarudia na kioo kikabaki cheusi, kibao hakijakaa vizuri au si cha aina yake. Ikiwaka lakini ikaonyesha gigabaiti 3 na kitu wakati ndani mna 8, tatizo liko kwenye Windows ya biti 32, isiyoweza kutumia zaidi ya gigabaiti 4. Mashine nyingi za mtumba zilifungwa toleo hilo kwa kuwa ni jepesi, na wenyewe hawakuambiwa.

RAM nyingi inayouzwa mikoani imetoka kwenye mashine nyingine. Kompyuta iliyovunjika kioo au kuungua bodi bado ina vibao vizima, na fundi huvihifadhi. Ufipa inaujua uchumi wa namna hii tangu zamani. Wafipa waliyeyusha chuma katika malungu, tanuri za udongo ndefu kuliko mtu, na kukisafisha tena katika tanuri ndogo iliyoitwa kintengwe, mpaka majembe ya kiwandani yalipoiua kazi hiyo katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Wahunzi hawakutoweka pamoja na malungu; waliendelea kufua kwa chuma chakavu. Chanzo cha mali ghafi kilikuwa kimehamia nje ya uwezo wao, na ujuzi wao ukahamia kwenye mabaki.

Mabaki ya kompyuta yanaanza kupungua thamani. Mwaka 2008 Apple ilitoa MacBook Air ambayo RAM yake imelehemiwa kwenye bodi, na mwaka 2012 ikafanya hivyo kwa MacBook Pro ya kioo kipya. Lenovo ilifuata mwaka huohuo kwa ThinkPad X1 Carbon, na baadaye kwa modeli kama T440s, yenye gigabaiti 4 zilizolehemiwa na nafasi moja. Sababu za kiufundi zipo: kumbukumbu ya aina ya LPDDR hutumia umeme kidogo na huhitaji kuwa karibu sana na prosesa, na bila nafasi mashine huwa nyembamba. Lakini mzigo huhamia kwa mnunuzi wa pili. Gigabaiti 4 zilizochaguliwa na ofisi ya Manchester mwaka 2014 ndizo zitakazobaki ndani ya mashine hiyo popote itakapokwenda. Mashine nyembamba za miaka hiyo zilifika kwenye maduka ya mtumba miaka mitano au sita baadaye, sawasawa na wakati wilaya kama Kalambo zilipokuwa zikijaza ofisi zake. Kwa mnunuzi wa Rukwa, kuuliza kama RAM imelehemiwa kumekuwa muhimu kuliko kuuliza rangi au ukubwa wa kioo.

Zile zenye nafasi nazo zimepata kikwazo kingine. Windows 10 ilisitishiwa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi sehemu kubwa ya prosesa za Intel zilizotangulia kizazi cha nane, hata mashine ikiwa na RAM ya kutosha. Mwishoni mwa mwaka huohuo bei za kumbukumbu zilipanda duniani, kwa sababu viwanda vya Samsung, SK Hynix na Micron vilielekeza uzalishaji kwenye vituo vikubwa vya akili bandia. Desemba 2025 Micron ilitangaza kuachana na Crucial, jina ambalo wanunuzi wa kawaida waliliamini kwa karibu miaka thelathini.

Kuna jaribio la kurudisha mlango. Dell ilianzisha muundo mpya wa kibao uitwao CAMM mwaka 2022, JEDEC ikaufanya kiwango kwa jina la CAMM2 mwishoni mwa 2023, na mwaka 2024 Lenovo ikauza ThinkPad P1 yenye kumbukumbu ya LPDDR inayofungwa kwa skrubu badala ya lehemu. Kibao hulala bapa juu ya bodi, hakihitaji kina cha nafasi za zamani, na hutumia umeme kidogo kama kumbukumbu iliyolehemiwa. Kwa mwendo wa kawaida wa mtumba, mashine za kwanza za aina hiyo zitaanza kuonekana Kariakoo karibu na mwaka 2030, na Sumbawanga baada ya hapo.